Kitabu cha nyanya na mwaka wa 1280

"Nyanya yetu, mzaliwa wa Siyu, alifariki mwaka jana hapa Mombasa. Ndani ya kasha lake tumekuta kitabu kisicho na jalada, kimefungwa kwa kitambaa: karatasi 38 zilizoachana, zimeandikwa kwa harufi za Kiarabu lakini lugha ni Kiswahili cha kwao. Kila upande una mistari 15 au 16. Nyingine zimetoboka. Mwisho kuna tarehe, nami nimeisoma 1280. Chuoni niliishia juzuu ya Amma, kwa hivyo mengi yananishinda, ila nimeliona jina la Herekali mara nyingi. Jirani anasema huu ni Utendi wa Tambuka, na kwamba tuna kitabu cha Kiswahili kikongwe kuliko vyote. Mtu wa vitu vya kale ametuahidi shilingi 200,000. Kaka yangu anataka kila karatasi ipigwe plastiki dukani isiharibike. Shangazi, ambaye bado anakumbuka baadhi ya beti alizokuwa akizisoma nyanya usiku wa Ramadhani, anasema zilizotoboka zichomwe kwa heshima kwa kuwa zina jina la Mwenyezi Mungu. Je, ni kweli kitabu kina miaka zaidi ya mia saba? Na tufanye nini?"

Poleni sana kwa kuondokewa na nyanya. Mungu amrehemu. Naliona swali lako lina haraka ndani yake: mnunuzi anasubiri, kaka yuko njiani kwenda dukani, shangazi ana kiberiti. Kwa hivyo la kwanza nawaomba msifanye lolote kati ya hayo matatu kwa sasa. Karatasi zilizokaa kashani miaka yote hiyo zitavumilia wiki chache zaidi. Plastiki, moto na mauzo ndivyo visivyoweza kurudishwa nyuma.

Sasa tuingie kwenye mwaka, maana hapo pana makosa mawili yaliyopandana.

Kosa la kwanza ni la kalenda. Mwandishi wa Siyu alihesabu kwa Hijra, na mwaka wa Hijra hufuata mwezi, hivyo ni mfupi kuliko wa Miladia kwa siku kama kumi na moja. Miaka 33 ya Hijra ni takriban miaka 32 ya Miladia. Ukitaka kupata makadirio ya haraka, zidisha mwaka wa Hijra kwa 0.97 kisha ongeza 622. Ukifanya hivyo kwa 1280 unapata 1863, na kweli mwaka 1280 wa Hijra ulianza Juni 1863.

Kosa la pili huenda liko kwenye tarakimu yenyewe. Itazame tena ile ya mwisho. Katika tarakimu walizotumia waandishi wetu wa pwani, sifuri ni nukta tu, na kile kiduara ambacho macho ya shule huona ni sifuri ndicho tano. Ikiwa umeona kiduara, mwaka wako si 1280 bali 1285, ulioanza Aprili 1868. Ikiwa umeona nukta, hakikisha ni ya wino wala si doa la nzi au kitundu cha mdudu. Nimewahi kuona watu wakibishana siku nzima juu ya miaka kumi iliyotokana na doa.

Basi nakala yenu, kwa hesabu yoyote kati ya hizo mbili, ni ya miaka ya 1860. Ni zaidi ya miaka 150, si mia saba. Najua habari hii inaweza kukuvunja moyo, lakini subiri.

Hakuna mahali popote duniani panapojulikana kuwa na maandishi ya Kiswahili ya mwaka 1280 wa Miladia. Maandishi ya Kiswahili yenye tarehe ya zamani zaidi tuliyo nayo ni barua zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711, baadhi yake na watu wa nyumba ya kifalme, na hazikuhifadhiwa Kilwa. Ziko Goa, India, ndani ya nyaraka za Wareno, kwa sababu Wareno walikuwa na desturi ya kutunza barua walizozipokea. Hewa ya pwani yetu, chumvi na mchwa vimekula vingine vyote vya umri ule. Kilichobaki nyumbani kimebaki kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba kila kizazi kulikuwa na mtu aliyekaa chini akakinakili upya kabla karatasi ya zamani haijaoza.

Hapa ndipo jirani yenu amepatia nusu na kukosea nusu. Utungo una umri wake na nakala ina umri wake. Utendi wa Tambuka ulitungwa mwaka 1141 wa Hijra, yaani 1728, na Bwana Mwengo wa Athumani, huko Pate, katika kisiwa kilekile cha Siyu, kwa ombi la mfalme wa ukoo wa Nabahani. Nakala zilizotufikia ni za baadaye sana. Kwa hiyo mnaweza kuwa na karatasi ya 1868 iliyobeba maneno ya 1728, na jambo hilo si la aibu hata kidogo. Ndivyo fasihi yetu yote ya zama zile ilivyosafiri.

Wala msidhani kwamba wataalamu wenyewe hawababaiki na tarehe. Hamziya ya Kiswahili, iliyofasiriwa na Sayyid Aidarusi wa Pate kutoka kasida ya Kiarabu ya al-Busiri, wengine huiweka mwaka 1652 na wengine 1749. Tofauti hiyo ya karibu karne nzima ni tofauti ya 1062 na 1162 kwa Hijra. Tarakimu moja tu! Ndiyo sababu nimekusumbua juu ya kile kiduara.

Nikae kidogo kwenye mwaka 1728, kwa sababu napenda mjue mnachoweza kuwa nacho mkononi. Utendi wa Tambuka unasimulia vita vya Waislamu na Herekali, mfalme wa Rumi, ukihusishwa na safari ya Tabuki ya zama za Mtume, rehema na amani zimshukie. Kwa msomaji wa leo ni hadithi ya mbali. Kwa mtu wa Pate aliyeusikia mara ya kwanza, haukuwa mbali. Waomani walikuwa wameiteka Ngome ya Yesu mwaka 1698 na kuwaondoa Wareno Mombasa. Miaka thelathini baadaye Pate ilichoshwa na Waomani, ikashirikiana na Wareno walewale, na Machi 1728 bendera ya Ureno ikapanda tena juu ya ngome. Haikudumu hata miaka miwili. Katika mwaka huohuo, mfalme wa Pate anaagiza utenzi wa Waislamu wanaopigana na mfalme wa Kikristo. Wengine wanauona utenzi huu kama kisa cha dini tu kilichochukuliwa kutoka Kiarabu. Mimi nauona ni wa Pate tangu ubeti wa kwanza, na naamini waliousikiliza walijiuliza maswali kuhusu mfalme wao ambayo hakuna aliyethubutu kuyasema kwa sauti.

Lakini je, wenu ndio huo? Jina la Herekali peke yake halitoshi, ila kuna hesabu moja inayonipa matumaini. Katika miswada mingi ya tenzi, ubeti mmoja huandikwa katika mstari mmoja: vipande vinne vya mizani nane nane, vikitenganishwa kwa alama ndogo, mara nyingi nukta tatu au kiua cha wino mwekundu. Ikiwa vyenu viko hivyo, karatasi 38 zenye pande mbili na mistari 15 au 16 zinatupa beti kati ya 1,140 na 1,216. Utendi wa Tambuka una beti zaidi ya 1,000. Hesabu inakaribiana. Angalia pia kama kipande cha nne cha kila ubeti kinaishia na kina kilekile kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ikiwa kina kinabadilika ghafla mahali fulani, huenda mna tenzi mbili zilizofungwa pamoja, jambo la kawaida sana.

Usizipange upya karatasi kwa kukisia. Vitabu hivi havikuwa na namba za kurasa. Mwandishi alikuwa akiandika chini kabisa ya ukurasa, pembeni, neno moja lililoinama, nalo ndilo neno la kwanza la ukurasa unaofuata. Lifuate hilo na utaweza kuzipanga hata bila kuelewa maana. Pale neno la chini lisipokutana na mwanzo wowote, hapo pana karatasi iliyopotea. Iandike mahali pembeni, kwenye daftari lako, kamwe si juu ya karatasi zenyewe, hata kwa penseli.

Ukurasa wa mwisho nao ninautamani zaidi ya tarehe yake. Hapo mara nyingi mwandishi hutaja jina lake, wakati mwingine jina la mwenye kitabu, siku, mwezi, na dua kwa atakayesoma. Tafuta neno la Kiarabu lenye kaf, te na be, yaani kataba, "ameandika". Jina litafuata. Jina la mnakili ni hazina, kwa kuwa waandishi wengi wa Siyu hatuwajui kabisa ingawa misahafu waliyoipamba kwa rangi nyekundu, nyeusi na manjano inashangaza ulimwengu. Wa Lamu mmoja tunamjua vizuri, Muhamadi Kijuma aliyefariki 1945, kwa sababu aliwanakilia wazungu wengi na maandishi yake leo yako London na Ujerumani. Wenzake wa Siyu ambao hawakukutana na mzungu yeyote wamebaki bila majina. Huenda mmoja wao amelala ndani ya kasha la nyanya.

Jambo dogo la karatasi: iinue moja kwa mikono miwili mbele ya dirisha, jua lisiipige moja kwa moja. Ukiona hilali tatu zilizopangwa kutoka kubwa hadi ndogo, hiyo ni alama ya maji, yaani chapa ya kiwanda iliyofichwa ndani ya karatasi, ya karatasi za Italia zilizotengenezwa kwa ajili ya masoko ya Waislamu. Zilitumika kwa muda mrefu mno, kwa hiyo hazitakupa mwaka, lakini zitakupa njia ambayo karatasi ilipita. Mara nyingine kuna jina la kiwanda kwa herufi za Kilatini, na hilo ndilo husaidia zaidi.

Sasa nifike pale ambapo, kwa maoni yangu, mna kitu ambacho hakuna profesa aliye nacho.

Harufi za Kiarabu hazikutengenezwa kwa ajili ya Kiswahili. Hazina p, hazina ch, hazina g, hazina v. Hazitofautishi e na i, wala o na u: kasra moja inabeba e na i, dhumma moja inabeba o na u. Na waandishi wa zamani waliiacha m ya mb na n ya nd. Jaribu mwenyewe: andika bibi, pembe na pepe kwa njia ya zamani, utapata umbo lilelile mara tatu. Tumbo na tobo nayo ni hivyohivyo. Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyefariki 1890, aliziongezea harufi alama ili kuziba pengo hili, lakini kitabu chenu, kikitoka Siyu ya miaka ya 1860, hakina msaada huo.

Wazee walisomaje, basi? Walisoma wakiwa tayari wanajua. Maandishi yalikuwa ni ukumbusho kwa mtu aliyekwisha kuusikia utenzi kwa mama yake, kwa shangazi yake, usiku wa Ramadhani, ukiimbwa. Sauti ndiyo iliyoamua kama hapa ni pembe au bibi. Sauti ikikatika, karatasi hubaki na mafumbo ambayo mtaalamu hukaa nayo miezi akikisia kutokana na maana na vina. Wahariri wakubwa kabisa wamekosea kwa njia hiyo, na makosa yao yamechapishwa.

Kwa hiyo shangazi si kikwazo katika jambo hili. Shangazi ni nusu ya kitabu. Beti anazozikumbuka kwa lafudhi ya Siyu zinaweza kufungua mistari ambayo mimi na miwani yangu tutashindwa nayo.

Kuhusu hofu yake, naiheshimu. Mimi si mufti, na juu ya hukumu mwulizeni sheikh mnayemwamini. Ninachoweza kusema ni kwamba kuchoma au kuzika karatasi kwa heshima ni njia ya zile zilizochakaa hata hazisomeki tena, na zenu zinasomeka. Kuzitunza ndani ya kitambaa safi, mahali pa juu, nako ni kuliheshimu jina lililomo, na ndivyo nyanya mwenyewe alivyofanya. Nadhani hoja hiyo shangazi ataipokea ikisemwa kwa upole na mtu wa umri wake.

Matundu yenyewe yatazame vizuri. Yakizurura ovyo kama njia za kichochoro, hao ni wadudu. Yakifuata umbo la harufi, kana kwamba maneno yamedondoka, huo ni wino wa chuma unaoila karatasi polepole, na hapo ni lazima fundi wa uhifadhi auone. Wino wa masizi hauli karatasi, ila maji huuondoa mara moja, na kila aliyewahi kuona kombe, yaani aya zilizoandikwa sahanini, likioshwa anajua jinsi maandishi yanavyoyeyuka. Kwa hivyo msifute kitu chochote kwa kitambaa chenye unyevu, hata vumbi.

Na ile plastiki, nakusihi umzuie kaka. Najua anafanya kwa mapenzi. Mashine ya dukani hutumia joto na gundi. Gundi huingia ndani ya karatasi na haitoki tena, na unyevu uliomo hubaki umefungiwa ndani ukiotesha ukungu. Niliwahi kuletewa juzuu iliyofanyiwa hivyo, na familia iliyoileta ilijivunia sana. Sikuwa na namna ya kuwaambia bila kuwaumiza kwamba wino ulikuwa umekwisha kushikana na plastiki na hatungeweza kuitoa tena. Selotepu ni ndugu yake mdogo. Fotokopi nayo iacheni, kwa kuwa karatasi hulazimika kubanwa. Tumieni simu: mchana, kivulini karibu na mlango, bila mwanga wa kamera, karatasi ikiwa imelazwa juu ya kitambaa cheupe, pande zote mbili, na namba ndogo iliyoandikwa kwenye kipande kingine cha karatasi ikionekana pembeni. Kisha zirudisheni zikiwa bapa ndani ya karatasi nyeupe safi na kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila manukato, ndani ya boksi imara, kabatini, mbali na ukuta wa nje na mbali na jiko. Naftalini isigusane nazo.

Kuhusu kuuza, sitawahukumu. Kuna ada za shule, kuna madeni ya matanga, na shilingi 200,000 si kitu cha kudharau. Lakini mnunuzi aliyetaja bei kabla hamjajua mna nini amewatangulia kwa ujuzi, na hiyo si biashara ya haki. Zaidi ya hapo, miswada ikiingia mikononi mwa watu wa namna hiyo mara nyingine huuzwa karatasi mojamoja, kwa kuwa karatasi 38 za kutundika ukutani zinaleta fedha kuliko kitabu kimoja. Likitokea hilo, neno la chini ya ukurasa halitakutana tena na mwenzake. Pia kitabu kikitoka hapo bila habari za Siyu, bila jina la nyanya, bila shangazi, sehemu kubwa ya thamani yake inabaki nyuma nanyi hamkulipwa kwayo. Mkiamua kuuza baada ya kukichunguza, uzeni kizima, na kwa taasisi itakayokiweka wazi kwa wasomaji. Na kabla hakijavuka mpaka wowote, waulizeni Makumbusho ya Taifa kuhusu kibali.

Njia mbili nyingine ni hizi. Mnaweza kubaki na kitabu nyumbani na kuruhusu tu kipigwe picha rasmi; hivyo ndivyo ilivyofanyika kwa miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, ambayo ilipigwa picha chini ya mradi wa Maktaba ya Uingereza huku vitabu vyenyewe vikibaki Lamu. Au mnaweza kukiweka amana katika jumba la makumbusho, kikiwa bado mali ya familia, kwa mkataba ulioandikwa unaosema nani anaweza kukitoa, lini, na jina gani litaandikwa kwenye lebo. Njia ya kwanza ina hatari ya moto na mafuriko ya nyumba. Ya pili ina hatari ya kitabu kusahauliwa ndani ya stoo, na hilo hutokea, nisiwafiche. Kama ningekuwa mimi, ningeanza na picha, kisha amana baada ya mwaka mmoja wa kutafakari. Ila nyinyi ndio mnaoijua nyumba yenu.

Kwa kuwa mko Mombasa, msiende mbali. Ngome ya Yesu ina makumbusho yenye wahifadhi, na mjini humohumo iko RISSEA, taasisi ya utafiti wa Uswahili. Lamu wako wazee na wasomi wanaosoma khati hizi kama wewe unavyosoma gazeti. Aliye upande wa Tanzania angekwenda TATAKI, yaani Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako kuna mkusanyiko mkubwa wa miswada ya Kiswahili, au Nyaraka za Taifa za Zanzibar. Pelekeni picha kwanza, si kitabu. Kama matundu yanafuata harufi, au mnaona ukungu wenye unyevu, au karatasi zimegandana, hapo msingoje: pigeni simu ya kuomba mhifadhi wiki hiihii, na msijaribu kuzibandua wenyewe.

Lakini kabla ya safari yoyote, mkalishe shangazi. Jioni, baada ya Isha, pawe pametulia, simu karibu yake na dirisha limefungwa. Msimwonyeshe karatasi. Mwulize tu nyanya alikuwa akianzaje, na mwacheni aimbe kwa sauti ileile, na aseme ni mwaka gani alianza kuusikia na nani mwingine alikuwepo chumbani. Akikwama, atarudi nyuma mwenyewe mpaka pale anapopajua kisha asonge. Akisema neno ambalo hamlijui, au linalowasikika kama kosa, msimsahihishe. Acheni simu iendelee kurekodi.